Mfupa Usiopewa Kazi: Habari za Nyonga ya Bandia na Mfupa Unaoizunguka

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Watu wengi hudhani ya kuwa mfupa ni kitu kilichokufa, mfano wa jiwe au gogo kavu. Hudhani hivyo kwa sababu mifupa tuionayo mara nyingi ni ile ya mbuzi iliyobaki sahanini, au ile iliyomo katika kabati la maabara ya biolojia, nayo kweli imekufa. Walakini mfupa ulio ndani ya mtu aliye hai una damu, una mishipa na una seli, nao hubomolewa na kujengwa upya usiku na mchana, tangu mtu azaliwapo mpaka afapo. Asiyelijua jambo hili hawezi kuifahamu habari ninayotaka kuieleza, yaani mambo yanayoupata mfupa wa paja baada ya mtu kutiwa nyonga ya bandia.

Nimeichagua habari hii kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba ndani yake masomo ya fizikia na biolojia hukutana, wala hayawezi kutengana. Ya pili nitaitaja huko mbele, maana inahusu wazee wetu.

NYONGA NI KITU GANI

Nyonga ni kiungo kinachounga mguu na kiwiliwili. Mfupa wa paja, ambao ndio mrefu kuliko mifupa yote ya mwili, una kichwa cha mviringo juu yake, na kichwa hicho huingia katika shimo la fupanyonga kama kichwa cha mchi kinavyoingia kinuni. Kichwa na shimo vimefunikwa na gegedu laini liteleziayo vizuri, ndiyo sababu twaweza kutembea, kuchuchumaa na kupiga mpira bila maumivu.

Nyonga hubeba mzigo mkubwa kuliko tunavyofikiri. Mtu anapotembea, misuli huvuta kwa nguvu ili asianguke upande, na nguvu hiyo huongezeka juu ya uzito wake. Kwa hiyo katika kila hatua nyonga hubeba kama mara mbili na nusu ya uzito wa mwili. Mtu mwenye kilo 60 huipa nyonga yake mzigo wa kilo 150 hivi, yaani magunia matatu ya saruji, maelfu ya mara kila siku.

Basi gegedu likilika kwa uzee, au shingo ya mfupa ikivunjika, au kichwa cha mfupa kikifa kwa kukosa damu, mtu hupata maumivu makali na hawezi kutembea. Hapo daktari mpasuaji hukikata kichwa kibovu, hutia shina la chuma ndani ya uwazi wa mfupa wa paja, juu ya shina huweka kichwa kipya, na katika fupanyonga hutia kikombe cha kukipokea.

JINSI KAZI HII ILIVYOANZA

Watu wamelijaribu jambo hili tangu zamani. Katika mwaka 1891 daktari mmoja wa Berlin, jina lake Themistocles Gluck, alijaribu viungo vilivyochongwa kwa pembe za ndovu. Mwaka 1938 daktari Philip Wiles wa London alitumia chuma kisichoshika kutu. Lakini aliyeifanya kazi hii ikawa ya kutumainiwa ni Daktari John Charnley, aliyefanya kazi katika hospitali ya Wrightington huko Lancashire, Uingereza.

Charnley alikishika chuma ndani ya mfupa kwa saruji ya akriliki, ya namna ile waliyoitumia madaktari wa meno. Kikombe alikitengeneza kwanza kwa plastiki iteleziayo sana, ya jamii ya ile inayopakwa katika vikaango visivyogandisha chakula. Watu wapatao 300 walitiwa nyonga za namna hiyo, nao walifurahi sana, maana waliweza kutembea tena. Lakini baada ya mwaka mmoja au miaka michache, plastiki ile ililika, na vumbi lake likaidhuru nyama iliyoizunguka. Charnley alihuzunika mno. Tena alijitia mwenyewe vipande vya plastiki ile katika paja lake ili aone mwili utafanya nini, na pale alipovitia pakavimba.

Mwaka 1962 mchuuzi mmoja alileta plastiki nyingine, aina ya polithini ngumu. Charnley hakuijali. Lakini fundi wake wa karakana, Harry Craven, aliitia katika mashine ya kusugua iende mchana na usiku. Baada ya wiki tatu ilikuwa haijalika hata kiasi ambacho plastiki ya kwanza ililika kwa siku moja. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule Charnley akaanza kuitumia, na nyonga za leo nyingi ni watoto na wajukuu wa nyonga ile. Nasi tuone hapa ya kwamba fundi wa karakana aliye mwangalifu aweza kuuokoa ugunduzi ambao bwana mkubwa ameupuuza.

MFUPA HUFUATA KAZI

Sasa tuje kwenye kiini cha habari. Katika miaka ya 1860, huko Zurich, Uswisi, mwalimu wa elimu ya viungo aitwaye Hermann von Meyer alipasua kichwa cha mfupa wa paja kwa urefu, akaona ndani yake vijiti vyembamba vya mfupa vimejipanga kwa mistari iliyopinda vizuri. Mhandisi Karl Culmann alipoiona mistari ile alistaajabu, kwa kuwa ilifanana na mistari aliyokuwa akiichora ili kujua nguvu zinavyopita katika mkono wa winchi ya kuinulia mizigo. Yaani mfupa umejijenga mahali pale hasa ambapo mzigo unapita, na pasipopita mzigo umeacha nafasi tupu. Mwaka 1892 Julius Wolff wa Berlin aliandika kitabu kizima juu ya kanuni hii: mfupa hubadilika kufuata kazi unayopewa.

Leo twajua namna kanuni hiyo inavyotimizwa. Ndani ya mfupa mna seli za namna tatu ambazo yafaa tuzitaje. Wako wabomoaji, ambao huyeyusha mfupa wa zamani. Wako wajenzi, ambao huweka mfupa mpya. Tena wako walinzi, waliofungiwa ndani ya mfupa wenyewe, ambao kazi yao ni kuona mfupa unapindika kiasi gani unapobeba mzigo. Mfupa ukipindika sana, walinzi huwaita wajenzi. Mfupa usipopindika hata kidogo, walinzi hunyamaza, na wabomoaji huendelea na kazi yao bila kupingwa. Mwili ni kama bwana stoo mchoyo: hampi posho mtumishi asiyekuwa na kazi.

Ushahidi ni mwingi. Mchezaji wa tenisi aliyeanza utotoni huwa na mifupa minene zaidi katika mkono ushikao raketi kuliko katika mkono wa pili. Na wale wanaosafiri angani, mahali ambapo miili haina uzito, hupoteza mfupa wa nyonga kwa kadiri ya asilimia 1 hadi 1.5 kwa kila mwezi, ijapokuwa wanakula vizuri na ni watu wenye afya.

CHUMA KINAPOUNYANG'ANYA MFUPA KAZI

Fanyeni jaribio hili rahisi. Chukueni utepe wa mpira wa ndani wa baiskeli na kipande cha waya, vyote viwe na urefu mmoja. Vifungeni sambamba juu ya mti, kisha mtundike ndoo ya maji kwa vyote viwili pamoja. Mtaona waya umekaza na utepe umelegea. Kwa nini? Kwa sababu vyote viwili hulazimishwa kunyooka sawasawa, lakini waya hunyooka kidogo sana, basi mpira haupati nafasi ya kuvuta. Kilicho kikakamavu zaidi ndicho kibebacho mzigo.

Hivyo ndivyo ilivyo ndani ya paja. Ukakamavu wa vitu hupimwa kwa gigapaskali. Sehemu ngumu ya mfupa ina kama 17 hadi 20. Mchanganyiko wa titani una kama 110. Mchanganyiko wa kobalti na kromiamu una 200 na kitu. Yaani titani huushinda mfupa kwa ukakamavu kama mara sita, na kobalti kama mara kumi na mbili. Zamani, kabla ya kupasuliwa, mzigo wa mwili ulishuka kutoka kichwani mwa mfupa, ukapita shingoni, ukaendelea chini kwa mfupa wenyewe. Sasa mzigo huingia katika kichwa cha chuma, hushuka kwa shina la chuma, nao hutoka na kuingia mfupani huko chini, karibu na ncha ya shina. Sehemu ya juu ya mfupa, ambayo zamani ilikuwa na kazi kubwa kuliko zote, sasa imekaa kivulini mwa chuma.

Waswahili husema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Chuma kimebeba mzigo wa mfupa, na mfupa hauoni uzito wake tena. Walinzi hunyamaza, wabomoaji huendelea, na mfupa wa juu hupungua taratibu.

Unene wa shina pia una maana kubwa. Fizikia hutufundisha ya kuwa ukakamavu wa fimbo ya mviringo inapopindwa hufuata kipenyo chake kikizidishwa chenyewe kwa chenyewe mara nne. Tufanye hesabu: shina la milimita 15 tukililinganisha na la milimita 12, kipenyo kimezidi mara 1.25 tu. Lakini 1.25 × 1.25 × 1.25 × 1.25 ni 2.44. Shina lililozidi unene kwa robo limezidi ukakamavu karibu mara mbili na nusu! Mwaka 1987 daktari Charles Engh wa Marekani na wenzake walitangaza ya kwamba katika wagonjwa wao mfupa ulipungua zaidi kwa wale waliotiwa mashina yenye kipenyo cha milimita 13.5 na zaidi. Hesabu ya darasani na mfupa wa mgonjwa vilisema neno moja.

JINSI YA KUPIMA

Je, madaktari hujuaje ya kuwa mfupa umepungua? Picha ya kawaida ya eksirei haitoshi, maana jicho la mtu haliwezi kuona upungufu mpaka mfupa uwe umepoteza kama asilimia 30 ya madini yake. Kwa hiyo tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 hutumika mashine ipitishayo miale ya eksirei ya nguvu mbili mbalimbali. Nyama na mfupa huizuia miale hiyo kwa viasi tofauti, na kwa kulinganisha hesabu mbili mashine hutoa msongamano wa mfupa, yaani gramu za madini katika kila sentimita ya mraba ya picha. Mashine huambiwa kukiondoa chuma katika hesabu, ili ihesabu mfupa peke yake. Mguu nao hufungwa usigeuke, kwa sababu mguu ukigeuka kidogo tu, mfupa huonekana mnene au mwembamba kuliko ulivyo.

Ili wasichanganye maneno, madaktari huugawa mfupa unaozunguka shina katika kanda saba, kama alivyopendekeza Thomas Gruen na wenzake mwaka 1979. Kanda ya 1 ni ya juu upande wa nje. Wakishuka huhesabu 2 na 3. Ya 4 iko chini ya ncha ya shina. Kisha hupanda upande wa ndani, 5 na 6, mpaka ya 7 iliyo juu upande wa ndani, karibu na shingo iliyokatwa.

Kipimo cha kwanza huchukuliwa siku chache baada ya kupasuliwa, kiwe msingi. Vingine hufuata baada ya miezi, na kila kimoja hulinganishwa na kile cha kwanza. Nitatoa mfano wa kubuni kwa ajili ya hesabu tu. Ikiwa kanda ya 7 ilikuwa na gramu 1.40 kwa sentimita ya mraba, na baada ya mwaka ina gramu 1.12, imepungua 0.28, na 0.28 ni asilimia 20 ya 1.40.

Watafiti wa nchi nyingi wamepima hivyo, na picha wanayoipata hufanana. Katika miezi michache ya kwanza mfupa hupungua karibu kila mahali, kwa sababu umejeruhiwa kwa kupasuliwa na mgonjwa bado anatembea kwa magongo. Baadaye kanda za chini hutulia, na pengine hurudi kama zilivyokuwa au kuzidi, kwa kuwa mzigo sasa unapita kwao. Lakini kanda ya 7 huendelea kupungua kuliko zote, na hasara ya sehemu ya tano ya madini yake si jambo la ajabu. Hasara kubwa hutokea ndani ya mwaka wa kwanza. Kisha mwendo hupungua na kuwa mdogo sana, kwa sababu mfupa umefikia kipimo kipya kinacholingana na kazi mpya. Wale ambao mifupa yao ilikuwa dhaifu tangu mwanzo, na hasa akina mama waliokwisha koma hedhi, aghalabu hupoteza zaidi.

ADUI WA PILI: VUMBI

Kama hasara ingekuwa ile tu, pengine tusingeogopa sana. Watu wengi wenye upungufu wa namna hiyo hutembea miaka mingi bila taabu, na shina lao limeshika imara. Lakini yuko adui wa pili, ambaye kwa mtu asiyejua hufanana na wa kwanza.

Kila hatua, kichwa husugua kikombe cha plastiki, na chembe ndogo sana zisizoonekana kwa macho hutoka. Seli za mwili ambazo kazi yake ni kumeza uchafu huzimeza chembe hizo, lakini haziwezi kuziyeyusha. Kwa kushindwa huko hutoa ishara za hatari, na ishara hizo huwaita wabomoaji wa mfupa. Basi mfupa ulio karibu na nyonga huliwa, na mashimo hutokea. Kikulacho ki nguoni mwako.

Zamani madaktari walidhani kwamba saruji ndiyo iletayo mashimo hayo, hata wakauita ugonjwa wa saruji. Wakatengeneza mashina yasiyotumia saruji, yenye uso wa vinyweleo ili mfupa uote ndani yake. Lakini mashimo yakaonekana hata huko! Ndipo walipofahamu ya kuwa mkosaji mkubwa alikuwa vumbi la plastiki.

Yafaa tuzitenganishe hasara hizi mbili. Ile ya kukosa kazi huja mapema, hutokea hasa sehemu ya juu, kisha hutulia yenyewe. Ile ya vumbi huja baada ya miaka, yaweza kutokea mahali popote chembe zifikapo, wala haitulii maadamu vumbi linazidi. Lakini katika jambo moja zote mbili ni sawa: haziumi. Mtu aweza kutembea sokoni, kulima bustani na kucheza ngoma, na huku mfupa wake unaliwa kimya kimya. Siku maumivu yanapokuja, huenda shina limekwisha kulegea, au mtu amejikwaa kidogo tu na mfupa umevunjika kandokando ya chuma. Hapo daktari hulazimika kupasua mara ya pili, naye hukuta mfupa wa kushikia chuma kipya umekuwa haba.

DAWA NA UGUMU WAKE

Mtu aweza kuuliza, kwa nini wasitengeneze shina laini kama mfupa? Walijaribu. Huko Uswisi katika miaka ya 1970 walitengeneza mashina ya plastiki yenye kiini cha chuma, yapindike kama mfupa. Mengi yalilegea. Sababu ni hii: shina laini hupindika na kusogea ndani ya mfupa, na mfupa hauwezi kuota juu ya kitu kinachochezacheza. Shina likisogea chini ya milimita 0.04 hivi, mfupa huota na kulishika. Likisogea kupita milimita 0.15, badala ya mfupa huota nyama ya nyuzi tu, nayo haishiki. Mwaka 1992 mwalimu Rik Huiskes wa Uholanzi na wenzake walionyesha kwa hesabu ya kwamba kadiri shina linavyokuwa laini, mfupa hupungua kidogo, lakini nguvu za kusugua mahali shina na mfupa vinapokutana huzidi. Kwa hiyo mhandisi yuko kama mtu apitaye ukingoni: akiegemea huku mfupa unaliwa, akiegemea kule shina linalegea.

Njia wanazozifuata sasa ni za kati. Hutumia titani badala ya kobalti kwa mashina mengi yasiyo na saruji. Hulifanya shina jembamba kuelekea chini, na huweka uso wa vinyweleo sehemu ya juu tu, ili mzigo uingie mfupani mapema. Wengine hutumia mashina mafupi. Dawa za jamii ya bisfosfoneti, ambazo huwapunguza kasi wabomoaji, zimeonekana kupunguza hasara ya mfupa katika mwaka wa kwanza, lakini huamuliwa na daktari kwa mgonjwa mmoja mmoja. Juu ya vumbi, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 hutumika polithini iliyopigwa miale ili nyuzi zake zifungamane, nayo hulika kidogo sana kuliko ile ya zamani.

Matunda ya kazi hii si haba. Sweden ilianza mwaka 1979 kuandika katika daftari la taifa kila nyonga inayobadilishwa, na nchi nyingine zikafuata. Mwaka 2019 watafiti wa Uingereza walizikusanya hesabu za daftari za Australia na Finland, wakaona ya kuwa katika nyonga 100, kama 58 zilidumu miaka 25. Hii ni ajabu kubwa. Lakini tusisahau ya kuwa 42 hazikudumu.

JAMBO HILI LATUHUSU NINI

Wengine watasema haya ni mambo ya Ulaya. Sivyo. Hapa Tanzania nyonga hubadilishwa katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, na katika hospitali nyingine. Jirani zetu wa Malawi walianza daftari lao la taifa la viungo vya bandia mwaka 2005. Tena kwetu kuna jambo ambalo huko Ulaya ni adimu. Ugonjwa wa selimundu, ulio mwingi katika nchi zetu, huweza kuziba mishipa midogo ya damu na kukiua kichwa cha mfupa wa paja mtu akingali kijana. Mzee wa miaka 75 akitiwa nyonga, huenda isihitaji kubadilishwa tena maishani mwake. Kijana wa miaka 25 ana miaka hamsini mbele yake, na hakuna nyonga inayoahidiwa kudumu muda huo. Kwake yeye kila gramu ya mfupa ni akiba ya kupasuliwa mara ya pili, na pengine ya tatu. Kwa hiyo anapaswa kuitunza kuliko mzee.

Sababu yangu ya pili, niliyosema nitaitaja, ni bibi yangu mzaa mama. Alivunjika nyonga kwa kuteleza, akatiwa ya bandia, akapona vizuri. Alirudi kupimwa mara mbili, kisha akaacha. Likizo iliyopita nilipomwamkia na kumwuliza habari ya kadi yake ya hospitali, alicheka akasema, "Marahaba mjukuu wangu. Mguu huu haunidai kitu. Nauli ya kwenda na kurudi ni bei ya kuku wawili. Nikamwambie nini daktari, na mimi siumwi?" Nilimjibu, "Bibi, mchwa nao hawapigi kelele. Nguzo huonekana nzima mpaka siku inapoanguka. Picha ndiyo itakayogonga nguzo kwa niaba yako." Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama picha ile inauma. Nikamwambia haiumi. Mjomba amekwisha kumpangia siku ya kwenda.

Bila shaka wengi wenu mna babu, bibi au jirani wa namna hiyo. Basi mkienda nyumbani waelezeni mambo haya, kwa heshima na kwa maneno mepesi. Kwanza, wasiache kwenda kupigwa picha kwa tarehe walizopewa, hata kama hawaumwi, na picha za zamani wasizitupe, maana daktari hujua mabadiliko kwa kulinganisha. Pili, wakisikia maumivu mapya kinenani au pajani, wasingoje. Tatu, watembee kila siku kwa kadiri daktari alivyowaruhusu, kwa sababu mfupa usiopewa kazi hupungua, na kukaa kitini mchana kutwa hakuulindi mfupa bali huuongezea njaa. Nne, nyumbani waondolewe vitu vya kuwakwaza: mikeka iliyokunjana, ndoo mlangoni, na njia ya chooni isiyo na taa usiku.

Haya hayahitaji fedha nyingi, wala hayahitaji mtu awe daktari. Mhandisi amefanya sehemu yake, na mpasuaji amefanya yake. Sehemu iliyobaki ni yetu sisi tunaokaa na wazee, nasi tukumbuke ya kwamba asiyeziba ufa hujenga ukuta.